Mbegu za Kwenye Filamu

Isansa, Jumanne jioni, Novemba

Kosa ni langu, si la Mama.

Filamu ninayotengeneza ni fupi, dakika tano tu, kuhusu mvua zilivyobadilika. Jana nilimwomba Mama aigize kupanda mahindi, maana udongo bado ni vumbi tupu. Nikampa vijiwe adondoshe kwenye mashimo. Akavitupa. "Shamba halidanganywi, mwanangu," akasema, akaingia ndani kuchukua mbegu za kweli. Nikafurahi. Picha ilitoka nzuri sana.

Leo mchana nilikuwa naihariri kwenye simu, nikaona kitu nyuma ya bega lake. Mama Neema, jirani yetu, amesimama mpakani anatazama. Anaondoka. Halafu anarudi na jembe.

Nikatoka mbio. Miaka yote majirani hawapandi mpaka wamwone Mama ameanza, maana yeye ndiye anayejua dalili za mvua. Nililijua hilo tangu utotoni, nikalisahau kwa sababu ya mwanga mzuri wa kupigia picha!

Nimekuta mashamba manne yameshapandwa. "Tulimwona mama yako," Mama Neema akaniambia huku anacheka, mikono imejaa vumbi. "Tukasema basi, mvua imefika. Tumemaliza mbegu yote."

Nikashindwa kumwambia kwamba ilikuwa filamu tu. Nikarudi nyumbani.

Mama nimemwambia. Hakunigombeza, na heri angenigombeza. Alitoka uani, akatazama juu angani. Kisha akaniuliza mimi, ambaye sijawahi kujua lolote kuhusu mvua:

"Itanyesha?"