Maili Zilizobaki Hadi Neiafu

Bluff, Nyuzilandi,
19 Julai 2021.

Mwanangu mpendwa Rhona,

Salamu nyingi kutoka kwa baba yako. Natumaini kwamba wewe, mume wako Halapua na mjukuu wangu Ofa hamjambo huko Neiafu, na kwamba kikohozi cha Ofa kimepona. Mimi mwili haujambo. Ninakula na ninalala.

Siku ya kumuaga mama yako simu ilikatikakatika, nami si mtu wa kusema mbele ya watu. Kwa hiyo naandika yale ambayo sikuyasema.

Kila Mei tulitweka tanga kule Opua, kaskazini mwa nchi hii, tukaja kwenu Tonga. Mwaka jana mipaka ilifungwa kwa ajili ya ugonjwa, tukangoja. Mwaka huu daktari alituambia kwamba moyo wa mama yako Enid hautafika Krismasi. Mama yako aliniomba jambo moja tu: niandike kuomba ruhusa maalumu ya kuingia kwenu, akuone. Nilikataa. Nilimwambia kwamba sheria ni ya wote, na kwamba mtu mzima haombi kupitishwa mlango wa nyuma.

Badala yake nilibadilishana mashua yetu na mtu wa bandarini, akanipa gari lenye kitanda na jiko. Nilisema kwamba tutaizunguka nchi yetu wenyewe, ambayo hatukuwahi kuitazama vizuri. Mama yako aliligonga bati lake kwa kidole.

"Haya, nahodha. Na hili likizama, tutaogelea kwenye lami?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Tukaelekea kusini, tukiipa Tonga kisogo. Hakuacha desturi ya chomboni: kila saa sita mchana aliandika daftarini mahali tulipo na maili zilizobaki. Aliandika hata tulipoegesha kando ya malisho ya kondoo. Siku moja, tukiwa Kaikōura, nilichungulia. Alikuwa ameandika: "Hadi Neiafu, maili 1,560." Tulipoondoka Opua zilikuwa 1,184.

"Enid, maili zinapaswa kupungua."

"Zitapunguaje, na usukani umeushika wewe?"

"Lakini hatuendi Neiafu."

"Hilo nalijua, mwalimu. Wewe sahihisha hesabu tu, kama nimekosea."

Mimi, niliyesahihisha madaftari ya watoto kwa miaka thelathini na minne, nikaihakiki hesabu yake. Hakuwa amekosea.

Alifariki hapa Bluff, barabara inapoishia, asubuhi ya tarehe sita, chai yake ikiwa bado moto. Walipokwisha kumchukua, saa sita ilifika, nami nikalifungua daftari kwa mazoea. Tarehe alikuwa ameiandika mapema, akaacha nafasi ya maili. Niliijaza mimi: 1,903.

Sijui kama ombi langu lingekubaliwa. Najua kwamba sikuomba.

Msalimie Halapua, na mama yake, Bi Lesieli, aliyekuwa akimwekea mama yako viazi vikuu kila mwaka. Mbusu Ofa. Ukitaka kunijibu kwa hasira, andika. Nitasoma kila neno, wala sitasahihisha lolote. Mungu awafunike nyote kwa rehema zake.

Jana niliandika ombi la kuruhusiwa kuyaleta majivu yake kwenu. Lilinichukua dakika kumi.

Ni mimi baba yako, akupendaye ingawa amechelewa,
Hector Laidlaw