Ulivyokuwa Ukinisalimu Kutoka Timau

Mpendwa Mama Kendi,

Leo Kendi wetu amefungua kompyuta ya ofisini kwao Nairobi akiwa amekaa hapa Meru, sebuleni, huku akila ndizi. Nikacheka peke yangu, nikakukumbuka.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea mwisho. Wewe ulikuwa karani wa shamba la maua kule Timau, mimi fundi wa kompyuta katika ofisi yao hapa mjini, na hatukuwa tumewahi kuonana. Kompyuta yako ilikuwa ya Windows. Yangu, kwa ubishi wangu, niliitia Linux, mfumo mwingine kabisa. Nikamwapia mkubwa kwamba nitaifungua skrini yako nikiwa Meru, kwa laini ya simu, ili mtu asiwe anapanda Timau kila mashine ikigoma. Akanipa hadi Ijumaa. Nikishindwa, angeleta fundi mwingine, nami nirudi kwa baba kulima viazi.

Kila nilipojaribu, modemu, vile visanduku vya kuunganisha kompyuta kwa simu, zililia, zikakaribia kuelewana, halafu kimya. Nikailaumu Linux, nikabadilisha mipangilio hadi macho yakauma. Alhamisi nikakupigia simu ya kawaida.

"Madam, hiyo simu ikilia huwa unafanya nini?"

"Si nachukua nikusalimie. Na wewe ni kunipigia makelele kwa masikio. Utaingia aje kwa ofisi ya mtu na hamjasalimiana?"

Kumbe adabu yako ndiyo iliyokuwa ikikata laini. Ningekasirika, ila sauti yako ilinipendeza mno. Tukapatana: kwanza nipige tusalimiane vizuri, baridi ya huko, ng'ombe, watu wa nyumbani. Kisha tukate, mashine zizungumze, nawe usiguse kitu.

Ijumaa asubuhi skrini yako ikafunguka ndani ya yangu, polepole, kama mtu anayekunjua shuka. Nikasogeza mshale. Baadaye uliniambia ulirudisha kiti nyuma ukaanza kuomba.

Mkubwa aliridhika. "Sasa hakuna mtu atasumbuka kupanda Timau," akasema.

Jumamosi nikavaa sweta mbili nikapanda Timau. Ulinikuta mlangoni ukashtuka.

"Kwani imeharibika tena?"

"Haijaharibika."

Ukanitazama, ukaenda kuweka chai.

Mama Kendi, tangu ututoke nyumba imekuwa kubwa. Nakukosa, sitakuficha. Lakini sina kinyongo na Mungu. Alinipa mke, watoto na vicheko vya kutosha, na asubuhi nyingi naamka na kushukuru kabla sijavaa viatu. Watoto wananihimiza nijifunze hizi simu mpya za kuonana uso kwa uso. Nimejifunza, kwa ajili yao.

Wewe pumzika. Huko uliko hakuna laini inayofika, nami sitajaribu. Siku yangu ikifika nitakuja mwenyewe.

Mume wako,
Baba Kendi