Chumba cha Baba Kule Uani

Mama yangu,

Shikamoo. Dada Zuwena akikusomea barua hii, naomba akae upande wa sikio lako la kulia, asome polepole, wala asiruke neno hata akiona unalia. Magoti yanaendeleaje na baridi hii ya Tabora? Mimi huku Maskati mwili ni mzima. Joto ni kali, kwa hiyo kazi ya ujenzi tunaianza alfajiri na mchana tunajilaza.

Nimeandika kwa sababu kwenye simu hunisikii vizuri, na mimi nikishasikia sauti yako nashindwa kusema.

Zuwena ameniambia kwamba tangu arobaini ya baba ipite unalala ukumbini, kwenye mkeka. Nilimuuliza kwa nini huhamii kile chumba kipya cha uani. Akasema, "Mama hataki kuja kutolewa mule kama baba."

"Kwani baba alitolewaje?"

"Nassor, hukuambiwa?"

Sikuwa nimeambiwa. Baba alizikwa alasiri ya siku ileile aliyofariki, nami niko huku, na kila aliyenipigia aliniambia mambo yalikwenda vizuri. Sasa najua kuwa jeneza halikuweza kukata kona ya ule ujia wa kwendea chumbani. Likasubiri ukumbini, wanaume wakambeba baba mikononi na sanda yake, mjomba akiwaambia taratibu, taratibu, na bado bega la baba likakwaruza ukuta.

Ujia ule niliuchora mimi, nikiwa nimekaa kitandani kwangu, nikiiga nyumba za ghorofa tunazojenga huku. Nilikuwa nawaza tu baba apate choo karibu. Sikuiwaza nyumba yetu. Wazee waliipa mlango wa mninga mpana, mpagazi apite na mzigo begani bila kugeuka ubavu. Mimi nikaiongezea njia ya mtu mmoja, na dirisha nikalielekeza magharibi, kwenye jua kali la alasiri, kana kwamba na huko mna kiyoyozi.

Seremala aliposhindwa kupitisha kitanda, akakiunganisha humo humo chumbani. Baba alinipigia siku hiyo akicheka: "Kitanda changu kimezaliwa ndani, hakijawahi kuona nje." Nikacheka naye. Zuwena anasema jioni hiyo wewe ulimwambia ujia upanuliwe kabla ya kupigwa lipu, naye akakujibu, "Kachora mwanangu mwenyewe. Asiguse mtu." Mimi hakuniambia chochote. Kumbe kila mgeni aliyekuja alipelekwa uani kuoneshwa chumba, baba akigonga ukuta kwa fimbo yake ili wasikie ulivyo imara.

Mama, hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Nimefikiria tutoboe ukuta wa mashariki, tuweke mlango wa pande mbili unaofungukia uani, upana wake sawa na ule wa mbele. Fundi Mrisho ataweza. Lakini sijachora. Juzi nilishika penseli, nikaiweka chini. Wewe ndiye unayejua maji ya masika yanapita wapi pale uani, jua la asubuhi linaanzia wapi, na wapi unaanika mpunga. Mwambie Zuwena akuwekee kigoda nje, umwoneshe, naye aniandikie.

Nisalimie mjomba, na umwambie namshukuru kwa alivyowaongoza wale waliombeba baba. Nisalimie shangazi wa Sikonge. Asali yake bado ninayo kidogo, naila kwa kijiko cha chai ili isiishe upesi. Watoto wa Zuwena nawabusu.

Na kama mlango hautakutosha, kama hutaki hata kukiona chumba chenyewe, sema kivunjwe. Nitampigia Mrisho mimi mwenyewe akivunje. Baba alinyamaza kwa sababu alinipenda. Wewe, mama, nakuomba unikatalie.

Ni mimi mwanao, niliye mbali nawe,
Nassor