Mbao Iliyoombewa Jumamosi

Jumapili, mwezi wa pili, 2014. Saint Paul, Marekani.

Jua limetoka, lakini ni la kudanganya. Ukilitazama dirishani unadhani kuna joto. Ukifungua mlango, pua inaganda. Mama Esta na watoto wamekwenda kanisani. Mimi nimesema mgongo unaniuma. Unaniuma kweli, lakini sikubaki kwa sababu hiyo.

Tangu asubuhi situlii. Nakaa, nainuka, nashuka chumba cha chini, napanda tena. Sasa naandika, labda vidole vitatulia.

Kule kiwandani, mji wa Savage, tunatengeneza madirisha. Mimi nafunga bawaba za upande wa kushoto. Dirisha linakuja, nafunga, linaondoka. Sijawahi kuona dirisha hata moja likianza, wala likiisha. Jioni nafika nyumbani nimechoka kama punda, na mtu akiniuliza leo nimetengeneza nini, sina cha kumwonyesha.

Dale, mzee wa kizungu anayefunga upande wa kulia, aliliona hilo. Krismasi akanipa sanduku. Ndani kulikuwa na bastola ambayo bado haijawa bastola: kipande cha mti kilichochongwa nusu, mtutu, vipande vya shaba, skrubu kwenye kimfuko. Ni ya kizamani, ya kujazwa baruti mdomoni na kupiga mara moja tu. Huku watu huagiza vitu hivyo kwa posta, wanajitengenezea wenyewe kwa kujifurahisha, kama wengine wanavyofuma vitambaa. Akasema theluji ikiyeyuka tutaenda kulenga mikebe.

Nilipaswa kukataa. Mimi ni mtu wa Fizi, Kongo, na vita ndivyo vilivyotutoa kule. Mama Esta alitoka kijijini akiwa na dada yake, akafika ziwani peke yake. Hajanisimulia ya katikati, nami sijauliza.

Sikukataa.

Nikaanza na mti, kwa sababu baba yangu alikuwa akichonga mipini na harufu yake naijua. Kila nikitoka kazini nashuka chini na msasa. Nasugua, napaka mafuta, nasugua tena. Mama Esta alipouliza, nilimwambia nimerudia kazi ya mbao. Alifurahi sana. Sijamwona akinifurahia hivyo tangu tulipokuwa kambini, ukimbizini. Akawaambia wamama wote wa kikundi cha maombi.

Jana zamu ya maombi ilikuwa kwetu. Katika kikundi chetu, mtu akipata kitu kipya anakileta kiombewe: gari, funguo za nyumba, hata cherehani ya Mama Solange iliombewa. Na kitu ulichotengeneza kwa mikono yako ndicho kinachotangulia, maana ni malimbuko. Tulipomaliza kula fufu na sombe, yaani ugali wetu na kisamvu, Papa Byamungu, mzee wetu wa kikundi, akaniambia nilete kazi yangu.

Ningeweza kusema haijaisha. Lakini ule mti ulikuwa unang'aa, na hakuna mtu aliyewahi kuuona. Nilitaka uonekane. Hiyo ndiyo kweli yote. Nikaleta mbao peke yake, bila chuma, nimeifunga kwenye kitenge. Nikajidanganya kwamba mbao ni mbao.

Papa Byamungu akaweka mkono juu ya kitenge, akaomba. Aliomba kazi ya mikono hii ilishe nyumba hii, iilinde, na watoto wajifunze kwayo. Amina ya Mama Esta ilizipita zote.

Kisha kitenge kikafunguliwa. Mama Solange akasema kama huo ni mguu wa kiti, basi mwenye kiti ataanguka. Wakacheka. Papa Byamungu akaishika mbao, akausifu ulaini wake. Halafu nikaona mkono wake ukijipanga wenyewe. Vidole vikazunguka, dole gumba likapanda juu, na kidole kimoja kikabaki kimenyooka, kinatafuta kitu ambacho hakipo.

Akanitazama.

"Baba Esta," akasema polepole, "na chuma chake kiko wapi?"

"Kiko chini, Papa."

Hakuna aliyecheka tena. Akaifunika mbao na kitenge, akaomba chai. Waliobaki wakazungumza habari za theluji mpaka walipoondoka.

Esta, binti yetu mkubwa, akamweleza mama yake kwa Kiingereza kwamba watu wengi huku wanafanya hivyo, ni mchezo tu. Mama yake akamjibu kwa Kiswahili kwamba hakuuliza habari za watu wengi.

Alikuwa anaosha sahani. Hakugeuka.

"Bunduki zote nilizokimbia zilinikuta zimeshaisha kutengenezwa," akaniambia. "Hii ndiyo ya kwanza kuikuta katikati."

Akaendelea kuosha. Hakuniambia niitupe. Ni afadhali angenigombeza.

Leo, walipotoka, nilishuka nipange vyuma kwenye sanduku nimrudishie Dale. Kabla ya kuvipanga, nikauweka mtutu kwenye mbao. Mara moja tu, nijue. Ukakaa. Haukutikisika hata kidogo, kama vimezaliwa pamoja.

Nilifurahi. Nilisimama pale chini peke yangu nikafurahi kama mtoto, na furaha hiyo ndiyo inayonizungusha nyumba nzima tangu asubuhi.

Nimeutoa. Vyuma viko ndani ya gari langu. Kesho nikitoka kazini nitavipeleka mpaka Coon Rapids anakokaa Dale, na sijui nitamweleza nini mtu mwema namna ile.

Mbao nimeiacha mezani, bila kitenge. Iliombewa, siwezi kuitupa. Nimeigeuza upande huu na upande ule, nikitafuta namna ya kuilaza ambayo Mama Esta akiingia ataona mti tu.

Sijaipata. Gari lao ndilo hilo linaingia.