Jicho la Kulia

Kui uko? Niko nje ya kliniki ya macho hapa Adams.

Unakumbuka ile dawa ya matone mathe alipewa, ya kukausha maji nyuma ya jicho, kwa retina? Daktari aliandika jicho la kulia. Mathe akanipigia simu, "Kulia ni gani?" Nilikuwa nasuka mteja pale Kenyatta Market, nikamjibu haraka haraka: "Si ni upande wa ule mkono wa kulia chakula, mum!"

Mkono wa kulia chakula. Mimi ndio nilisema hivyo.

KUI MATHE NI SHOTO!!

Wiki sita amekuwa akiwekea dawa jicho zima, la kushoto. Mara nne kila siku, hajaruka hata moja. Leo daktari ameuliza mbona lile jicho gonjwa limezidi kuvimba. Mathe akajibu na furaha, "Lakini hii dawa nimeweka vile Selpher hapa aliniambia."

Daktari alifunika tu lile jicho zima, akamuuliza anaona nini.

Mathe akageuka upande wangu, akacheka kidogo. "Mbona giza, Selpher, stima imepotea?"