Sauti Iliyofungiwa Kwa Tableti

Jumatatu, 3 Machi 2025
Tableti ya Walubengo imekataa kuongea. Tangu saratani ya koo imnyang'anye mume wangu sauti, yeye huandika, app inasomea watu. Leo haifunguki kabisa — ati weka app mpya. Nikabonyeza update. Inakataa. Mteja alikuja kwa karakana yetu ya useremala hapa Makina kuulizia kitanda. Walubengo alijaribu kumwelezea kwa vidole. Jamaa akachoka, akaenda zake.

Jumatano, 5 Machi
Nimepigia walioiuza. Msichana mpole. Akasema tableti za bei ya chini kama hiyo haziletewi tena update, na app haitaki Android ya zamani. Sasa mgonjwa afanye nini? Anunue nyingine. Hospitali imetukomba pesa, na simu yangu ni kabambe, ile ya vibonyezo isiyoingia app.
Walubengo ameshinda akipiga randa. Chai yake ilipoa.

Alhamisi, 6 Machi
Nimekumbuka kitu, nikakaa chini. Kabla ya operesheni alijirekodi ndani ya hiyo app. "Mama Billy, chai iko?" Halafu anacheka. Mimi huiskiza akienda kuoga. Hajui.

Jumamosi, 8 Machi
Tuko Kawangware, Kabiro, kwa Kavoi, fundi wa simu. Anasema anaweza kuiwekea Android mpya mwenyewe. App itafunguka, Walubengo ataandika, itaongea. Lakini vyote vya ndani vitafutika.
Nikauliza, na sauti alizorekodi?
"Zimefungiwa kwa app, mama. Nimejaribu. Hazitoki."
Nikasema basi tuache. Tungoje, pengine watatuma update.
Walubengo akanitazama sana. Akatoa penseli yake ya useremala, akaandika kwa kipande cha boksi: Unangoja nini?
Nikamwambia ukweli. Kicheko. Vile mimi huskiza akioga. Nililia kidogo, wateja wa Kavoi wakajifanya hawaoni.
Hakukasirika. Alinishika mkono kwanza. Halafu akaandika polepole: Mimi niko hapa. Nataka kuongea na wewe.
Kavoi akamuuliza, nianze? Walubengo akatingisha kichwa kukataa, akaniwekea tableti mapajani. Niamue mimi.
Naandika hapa kwa benchi. Hakuna anayenisukuma. Walubengo anaangalia barabara, ameniachia nafasi.
Nimeshaitoa kava. Kavoi amenyoosha mkono, nampa —