Saa Nane ya Kaka Salim

Jumatatu, 4 Machi 1996
Darasa limetoka saa sita. Nikapita madukani tena. Redio ya tano hii kuitazama, na kila muuzaji aapa yake yashika mbali. Kaka Salim yuko kambi ya mafuta, jangwani Omani. Simu hakuna. Ana leseni ya kuzungumza hewani na wapenda redio wenziwe. Jumamosi atapasuliwa Maskati, atolewe kikoromeo. Hatasema tena. Ameandika kuwa kuanzia kesho, kila siku saa nane, atatusemesha, Mama na mimi, mpaka aondoke kambini. Kumjibu hatuwezi.
Nimechukua ya kaseti, spika mbili. Yang'aa.

Jumanne, 5 Machi
Saa nane kamili. Mama kavaa kanga mpya. Watu wasikika, lakini wakwaruza kama bata. Hakuna neno. Mama kauliza kama ndivyo Salim anavyozungumza siku hizi. Nimejichukia.

Jumatano, 6 Machi
Mwembe Tayari, kwa Fundi Kazungu. Kanicheka, kisha kanihurumia. Asema wapenda redio hawa hurusha nusu ya sauti, na redio isiyo na kitufe cha kuikamilisha haifai kitu. Kanibadilishia kwa ya kijivu, kuukuu, antena imepinda. Mimi napenda vitu vya kupendeza, huo ndio ugonjwa wangu.
Saa nane: Mhindi, Mrusi, waziwazi. Salim hayupo.

Alhamisi, 7 Machi
Hayupo. Nimerudi kwa fundi kugomba. Kaisoma barua mara mbili.
“Mwalimu, hii saa nane ni ya nani?”
Kumbe watu wa redio dunia nzima hufuata saa ileile, ya Kiingereza. Nane yao ni saa tano yetu asubuhi. Saa tano mimi niko darasani.

Ijumaa, 8 Machi
Nimeomba ruhusa shuleni. Saa tano tuko mbele ya redio. Mzanzibari mmoja wa kule kambini akawaambia wenziwe kuwa Salim ameondoka jana jioni, aombewe dua. Basi.
Mama hakulia. Mimi nimelia jikoni mpaka wali ukaungua. Siku tatu kaka yangu alitusemesha, na hapa hapakuwa na mtu. Redio haina kosa. Ni mimi.

Jumapili, 14 Aprili
Salim amerejea kambini. Saa tano Mzanzibari alimtaja kwa jina, akampisha. Halafu milio mifupi na mirefu. Sasa azungumza kwa kugonga, kila herufi na milio yake. Sijui kusoma hata herufi moja.
Mama aliinamia redio, akasikiliza kitambo.
“Marahaba, mwanangu,” akasema.
Nikamsogezea kiti, akakaa.